Sare na zana za askari wa Vita Kuu ya Kwanza Afrika Mashariki, 1914–1918: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa wanafunzi, walimu, wachoraji, na hasa kwa wenye picha ya babu aliyevaa kaki ambao hawajui alikuwa upande gani. Soma swali linalokuhusu. Huna haja ya kuanza mwanzo.

Vita hivi vilidumu muda gani, na kwa nini sare zilibadilika sana?

Vilianza Agosti 1914 na kumalizika rasmi hapa kwetu tarehe 25 Novemba 1918, pale Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, alipoweka silaha chini Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, nchini Zambia. Huko Ulaya bunduki zilikuwa kimya kwa wiki mbili tayari.

Ulaya nako mavazi yalibadilika, lakini yalibadilika kwa amri. Wafaransa walianza vita na suruali nyekundu, wakauawa kwa wingi, na mwaka 1915 wizara ikaleta sare ya rangi ya samawati iliyofifia. Afrika Mashariki hakuna ofisi iliyokaa na kuamua. Manowari za Waingereza zilifunga pwani yote ya koloni la Wajerumani, kwa hiyo askari alivaa kilichopenya baharini, kilichoshonwa bara, au kilichovuliwa kwa adui. Ukilishika hilo, mengi utakayoyaona kwenye picha yataeleweka.

Askari wa Wajerumani alivaaje vita vilipoanza?

Shati na suruali za kaki, buti za ngozi ya kahawia, na kitambaa kirefu cha buluu kilichozungushwa mguuni kuanzia kifundo hadi chini ya goti. Kichwani alivaa tarbushi iliyofunikwa kwa kitambaa cha kaki chenye kipande cha kukinga shingo na jua, na mbele ikabandikwa nembo ya ndege tai ya chuma. Kiunoni alikuwa na mkanda wa ngozi wenye vifuko vya risasi kushoto na kulia.

Tarbushi haikuwa mapambo ya Kijerumani. Hermann von Wissmann alipokusanya jeshi la kwanza mwaka 1889 kupambana na Abushiri, alichukua Wasudani waliokuwa wametumikia jeshi la Misri. Walikuja na kofia yao na vyeo vyao: ombasha, shaush, betshaush, sol, na juu kabisa efendi. Vyeo vilionyeshwa kwa mistari myekundu yenye umbo la V mkononi, mmoja kwa ombasha, miwili kwa shaush, na kuendelea.

Mwaka 1914 jeshi hilo lilikuwa na kompania 14 na askari wapatao 2,500. Kila mmoja wao alikuwa mtu wa kazi hiyo, mwenye mshahara wa rupia na mara nyingi mwenye mke na mtumishi waliofuatana naye safarini. Ruga-ruga, yaani wapiganaji wasaidizi wa kienyeji, walioongezwa baadaye hawakuwa na sare. Walipigana na nguo zao na magobole yao.

Na askari wa KAR?

Kwa mbali walifanana nao mno. Askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika, naye alivaa kaki, kitambaa cha mguuni na kofia nyekundu au nyeusi iliyofunikwa kaki. Tofauti kubwa iko miguuni: wa KAR alitembea peku au kwa viatu vya wazi vya ngozi. Alivaa kaptula, na wakati wa baridi sweta la buluu iliyokoza. Kadiri vita vilivyoendelea, kofia ndefu iliachwa, ikaja ile fupi ya duara yenye kitambaa cha shingoni.

Watu huuliza kama kutembea peku kulikuwa dharau. Kwa sehemu ndiyo, kwa sababu maofisa waliona Mwafrika hahitaji viatu, na viatu ni gharama. Hata hivyo, mtu aliyekua akitembea peku alikwenda mbali kuliko Mwingereza aliyevaa buti mbovu zilizolowa. Adui wa mguu mtupu alikuwa funza. Waliopoteza vidole vya miguu kwa funza hawakuwa wachache, na wapagazi waliumia zaidi kuliko askari.

Silaha zao zilikuwaje mwanzoni?

Kompania nyingi za Wajerumani zilikuwa bado na bunduki ya mwaka 1871, inayopakiwa risasi moja moja na kutumia baruti nyeusi. Kila mlio ulitoa wingu la moshi mweupe, na adui aliyejificha vichakani hakuhitaji kutafuta, alilenga moshi tu. Chache zilikuwa na bunduki ya mwaka 1898 isiyotoa moshi. Kwa hiyo bunduki za adui zilitamaniwa kuliko nguo zake.

Bombomu, yaani bunduki za rashasha, zilikuwa chache lakini ndizo zilizoamua mapigano mengi. Zilibebwa mabegani na vichwani, kwa sababu mbung'o waliua farasi na nyumbu katika sehemu kubwa ya nchi.

Mabadiliko yalianza lini hasa?

Yalianza Tanga, Novemba 1914. Waingereza waliteremsha kikosi cha watu kama 8,000 kutoka India, wakakutana na watu wapatao 1,000 wa Lettow-Vorbeck, na baada ya siku chache wakapanda meli na kuondoka kwa haraka wakiacha mali yao ufukweni. Wajerumani waliokota bunduki za kisasa za kutosha kompania tatu, bombomu 16, risasi 600,000 na vifaa vya simu. Lettow-Vorbeck aliandika baadaye kwamba hata nguo zilizookotwa zilitosha mahitaji ya jeshi lake kwa mwaka mzima. Kuanzia hapo, picha ya askari wa Kijerumani mwenye kitu cha Kiingereza mwilini si ya kushangaza.

Kisha zikaja meli mbili zilizopenya. Rubens, iliyojifanya meli ya Denmark, ilifika ghuba ya Manza kaskazini mwa Tanga Aprili 1915. Manowari ya Kiingereza ikaipiga, ikazama kwenye maji mafupi, na wapiga mbizi wakatoa shehena. Risasi zilikuwa zimelowa, ikabidi zifunguliwe moja moja kwa mkono na baruti ianikwe. Nyingi ziligoma kulia vitani. Marie ilitia nanga Sudi, kusini ya Lindi, Machi 1916, ikaleta mizinga, risasi, nguo na kwinini. Wapagazi waliibeba shehena hiyo yote hadi bara. Baada ya hapo hakuna meli nyingine iliyofika.

Basi nguo na viatu vilitoka wapi?

Hapa ndipo habari inapokuwa tamu, na ndipo wenyeji wanapoonekana, ingawa vitabu vingi humsifu kamanda peke yake.

Pamba ilikuwepo nchini. Kilichokosekana ni viwanda. Misheni na wake wa walowezi walifufua magurudumu ya kusokotea uzi na vitanda vya mfumi, na mafundi wa Kiafrika wakafuma. Kitambaa kilitoka cheupe, na mtu mwenye nguo nyeupe porini hana maisha marefu. Rangi ikapatikana kwenye mizizi ya mdaa, ambao wasuka mikeka wa pwani wanaujua vizuri. Uliipa nguo rangi ya kahawia yenye umanjano iliyofichika vizuri katika nyasi kavu na vichaka. Kwa maoni yangu ilikuwa rangi bora kuliko kaki ya kiwandani, ambayo ikifuliwa mara nyingi hupauka na kuwa karibu nyeupe.

Ngozi za ng'ombe na za wanyama wa porini zilitiwa dawa kwa magome ya mikoko, bidhaa ambayo majahazi yalikuwa yakiisafirisha tangu zamani. Soli zilikatwa kwenye ngozi ya nyati. Jeshi likafungua karakana kubwa za kushona viatu, kwa sababu Mzungu asiye na viatu alikuwa mzigo kwa wenziwe. Lettow-Vorbeck mwenyewe alijifunza kazi hiyo, na anasimulia kwa mzaha kuwa alikusudia kushona kiatu cha kulia kikatoka cha kushoto.

Taasisi ya utafiti wa kilimo ya Amani, kule Usambara, ilitengeneza dawa na vitu vingine vingi vilivyokuwa vikiagizwa Ulaya. Mpira wa mashambani ulichanganywa na salfa ukawa matairi. Nta ikawa mishumaa. Nyaya za simu zilitolewa kwenye uzio wa mashamba, na shingo za chupa zikafanya kazi ya vikombe vya kushikia waya kwenye nguzo.

Mabaharia wa manowari ya Kijerumani Königsberg waliogeuzwa wanajeshi wa nchi kavu walitia rangi sare zao nyeupe. Ukiona Mzungu kwenye picha mwenye nguo za mkato wa kibaharia lakini zenye mabaka ya rangi, huenda ni mmoja wao.

Ni kweli mizinga ya Königsberg ilitembezwa nchi nzima?

Kweli. Manowari hiyo ilizamishwa na wenyewe katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915 baada ya kupigwa na Waingereza. Mizinga yake 10 ya milimita 105 ilitolewa, ikapelekwa Dar es Salaam na kuundiwa magurudumu. Kila mmoja ulivutwa na mamia ya watu kwa kamba, katika tope na milima. Risasi zake zilipokwisha au ulipokwama, waliuharibu na kuuacha. Kufikia mwisho wa 1917 yote ilikuwa imekwisha. Jeshi lililobaki lilikuwa jepesi kwa lazima.

Dawa zinahesabiwa kuwa zana?

Katika vita hivi, ndiyo. Malaria na kuhara viliangusha watu wengi kuliko risasi. Wajerumani walipopoteza Usambara mwaka 1916 walipoteza na Amani, na vidonge vya kwinini vikaanza kuisha. Wakabeba magome ya mkwinini na kuyachemsha. Dawa hiyo ilikuwa chungu vibaya, na Wajerumani wakaipachika jina la pombe ya Lettow. Bendeji pia zilitengenezwa kwa magome ya miti.

Je, zepelini iliyotumwa kutoka Ulaya ilikuwa hadithi tu?

Si hadithi. Zepelini L59 iliondoka Jamboli, Bulgaria, tarehe 21 Novemba 1917 ikiwa na tani kama 15 za risasi, dawa na vifaa. Ilivuka Mediterania na jangwa hadi anga la Sudan, ikaitwa irudi, ikatua ilikotoka tarehe 25 baada ya saa 95 angani.

Kinachotuhusu ni mpango wenyewe. Isingerudi kamwe, kwa kuwa huku hakukuwa na gesi ya kuijaza. Ilikusudiwa kuchunwa yote kama ng'ombe wa sikukuu: kitambaa cha nje kiwe mahema na nguo, bitana iwe bendeji, mifuko ya gesi iwe ya kulalia isiyopenya maji, vyuma viwe minara ya redio, na ngozi ya njia ya kupitia mabaharia iwe viatu. Wakuu wa Berlin walijua kabisa askari wao wa huku walikosa nini.

Upande wa Waingereza ulibadilika vipi? Wao walikuwa na meli.

Walikuwa na meli, na bado walikosea. Mwaka 1916 Jan Smuts, jenerali wa Afrika Kusini aliyeongoza majeshi ya Waingereza, alileta maelfu ya Waafrika Kusini, wengi wakiwa na farasi, helmeti za jua na kaptula. Farasi walikufa kwa mbung'o. Kaptula iliacha magoti wazi kwa mbu, na malaria ikafanya kazi yake. Safari ya kutoka Kilimanjaro hadi Morogoro, waliyoingia Agosti 1916, ilimaliza buti zao kwa sababu magari ya chakula yenyewe hayakufika, sembuse ya viatu. Kufikia mwisho wa mwaka maelfu yao walirudishwa kwao wagonjwa.

Hapo ndipo Waingereza walipokubali jambo lililokuwa wazi tangu mwanzo: vita vya pori hili vinapiganwa na watu wa huku. KAR, iliyokuwa na batalioni 3 mwaka 1914, ilifikia batalioni 22 mwaka 1918. Bunduki zao mpya zilikuwa Lee-Enfield fupi. Kila kompania ikapata bombomu nyepesi za Lewis ambazo mtu mmoja anaweza kukimbia nazo, na vizinga vidogo vya Stokes. Askari wa KAR wa 1918 alikuwa na silaha bora kuliko alizowahi kuziona mwaka 1914. Miguuni hakubadilika sana.

Na jeshi la Kongo ya Wabelgiji?

Force Publique waliingia vitani wakiwa na blauzi ya buluu, tarbushi nyekundu, na bunduki za zamani za Albini zenye kutoa moshi. Vita vikawabadilisha: kaki ikachukua nafasi ya buluu na bunduki mpya zikaletwa. Walipoingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916 walikuwa jeshi tofauti kabisa na lile la miaka miwili nyuma.

Wapagazi walivaa nini?

Karibu hawakupewa kitu. Mpagazi wa Waingereza alipewa blanketi, wakati mwingine shati, na kipande cha bati chenye namba cha kuvaa shingoni. Aliyetoka milimani alipelekwa kwenye joto la pwani, na wa pwani akapelekwa kwenye baridi ya milima akiwa na blanketi lile lile, tena likiwa limelowa. Mzigo ulikuwa karibu kilo 25. Wanahistoria hukadiria kwamba Waingereza waliandikisha zaidi ya watu 1,000,000 kwa kazi hii katika nchi zote walizochukua watu, na waliokufa wamezidi 95,000, wengi wao kwa magonjwa. Kambi yao ya Dar es Salaam ilikuwa pale Kariakoo ya leo, na ya Nairobi pale Kariokor.

Upande wa Wajerumani hali haikuwa bora. Wengi walikamatwa vijijini kwa nguvu na hawakuwekewa hata hesabu. Jambo moja lilibadilika: Mzungu aliyeanza vita akiwa na kitanda, meza, masanduku na msururu wa watu wa kumbebea, alipunguziwa watu mwaka hadi mwaka, mpaka akabaki na kile kilichomlazimu.

Ukichora au kuigiza vita hivi, tafadhali weka wapagazi. Kwa kila askari mmoja barabarani walikuwepo wao kadhaa.

Ni kweli mwishoni Wajerumani walivaa nguo za Wareno?

Ndiyo. Baada ya mapigano makali ya Mahiwa, Oktoba 1917, Lettow-Vorbeck aliwaacha wagonjwa na majeruhi, akachagua wenye nguvu na kwenda kuvuka Ruvuma kuingia Msumbiji, koloni la Wareno. Tarehe 25 Novemba 1917 wakaiangukia kambi ya Wareno ya Ngomano. Walipata mamia ya bunduki, bombomu, risasi zipatazo 250,000, chakula na nguo. Askari wakavua matambara yao hapo hapo. Julai 1918 wakarudia kitendo hicho Namacurra, na safari hii walikuta hata sukari.

Sheria ya vita ya Hague ya 1907 inakataza kutumia sare ya adui kwa hila. Kuvaa nguo iliyotekwa kwa kukosa nyingine ni suala jingine, mradi alama za adui ziondolewe. Porini alama hizo hazikuonekana vizuri, na kuchanganya rafiki na adui kulikuwa kitu cha kawaida kwa pande zote.

Orodha ya Abercorn inaeleza yote. Askari 1,168 walikabidhi bunduki 1,071, zote za Kiingereza na za Kireno. Kati ya bombomu 37, za Kijerumani zilikuwa 7 tu. Mzinga mmoja uliobaki ulikuwa wa Mreno.

Kofia za chuma na barakoa za gesi zilitumika?

Hapana. Hizo ni zana za mahandaki ya Ulaya. Ukiona kofia ya chuma kwenye mchoro wa vita hivi, mchoraji hakuuliza.

Nina picha ya babu. Nitajuaje alikuwa jeshi gani?

Anza na miguu. Buti zilizofungwa kamba pamoja na kitambaa kilichozungushwa huelekeza kwa Wajerumani, hasa picha za kabla ya 1916. Peku au viatu vya wazi pamoja na kaptula huelekeza KAR. Halafu tazama kofia: tai wa chuma ni Mjerumani, namba ya batalioni mbele ni KAR. Angalia mkono wa shati kuona mistari ya cheo. Bunduki iache iwe ushahidi wa mwisho, kwa sababu kuanzia 1915 bunduki ya Kiingereza mkononi mwa askari wa Kijerumani haithibitishi kitu.

Zingatia pia kwamba wengine walitumikia pande zote mbili. Waingereza waliunda batalioni ya 6 ya KAR kwa kutumia askari waliokuwa wa Wajerumani. Babu mmoja anaweza kuwa na picha mbili zinazopingana, na zote zikawa za kweli.

Naweza kuona wapi vitu vya wakati huo?

Sanamu ya askari katikati ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927, inaonyesha sare ya KAR kwa undani mzuri, singe ikiwa mbele ya bunduki. Sanamu za Nairobi na Mombasa zina watu zaidi ya mmoja. Ile ya Nairobi ina mpagazi pia, kwa hiyo ina haki zaidi. Mzinga wa Königsberg uko Fort Jesus, Mombasa, na mwingine uko Pretoria.

Nimerithi shati au mkanda wa zamani. Niufanyeje?

Usifue, usipige pasi, usipake mafuta ya viatu. Ukunje kwa ulegevu ndani ya kitambaa safi cha pamba cheupe kisichotiwa rangi, weka mahali pakavu pasipo jua, mbali na mchwa na nondo. Andika jina la mwenyewe, kijiji na mwaka unaoujua kwenye karatasi ya pembeni, si kwenye nguo.

Nimeokota risasi au bomu la zamani shambani.

Usiguse, usilisogeze, usilisafishe, hata kama limeliwa na kutu. Baruti ya miaka mia bado inaua. Weka alama kwa mbali, zuia watoto, na utoe taarifa kituo cha polisi kilicho karibu.